Benchi la Sebuleni

Mlango ulipogongwa, Mkunga alikuwa juu ya stuli akitundika mapazia ya sebuleni, na mumewe, Kocha, ameishika stuli kwa mikono miwili kama alivyoagizwa. Mapazia yalikuwa mapya. Mkunga aliyanunua kwa sababu mume alikuwa amerudi moja kwa moja, na mtu akirudi moja kwa moja, alisema, haifai akute madirisha yamevalishwa matambara. Kocha alitaka kwenda kufungua. Mkewe akamwambia, thubutu uiachie hii stuli. Mwisho ikabidi ateremke yeye mwenyewe.

Nje alisimama kijana mwembamba mwenye traksuti ya bluu na kizibao cha rangi ya chungwa juu yake, kimeandikwa 19 kifuani. Alikuwa akirukaruka papo hapo, goti hili juu, goti lile juu, na jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama. Kocha yupo?"

"Marahaba, yupo. Nimwambie nani?"

"Kumi na Tisa. Aliniambia nipashe misuli, ataniita."

Mkunga akageuka. Mumewe alikuwa bado ameishika stuli isiyo na mtu. Alimtazama kijana kwa muda, akamtambua. Ilikuwa nchi ya pili aliyokwenda kufundisha mpira, nusu fainali, binti yao yuko bado shule ya msingi. Wakati ule kijana alikuwa na miaka ishirini, na leo alikuwa na miaka ishirini ileile.

"Bado unapasha?" Kocha akamuuliza.

"Bado, kocha. Hukuniita."

"Basi kaa hapo kwenye kochi. Jifunike miguu, usije ukapoa."

Kumi na Tisa akakaa mwisho wa kochi refu, upande wa dirishani, akajitandika taulo magotini. Mkunga akapanda tena kwenye stuli, maana pazia moja lilikuwa limebaki.

Mkunga hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kazi ilimfundisha. Alishazalisha wanawake kwenye korido, kwenye lifti iliyokwama, na mmoja kwenye foleni ya benki, akiwa wa tatu kutoka dirishani na amekataa katakata kupoteza nafasi yake. Alijua watu huja wakati wao, si wakati wako. Kilichomkera ni kimoja tu: kijana alikuwa amekaa pale alipopanga kukaa yeye na mumewe jioni, wao wawili, watazame taarifa ya habari na kumcheka msomaji.

Hapa lazima nimseme Kocha kidogo, maana wapo wanaomsema bila kumjua, na midomo ya watu haina kufuli.

Kocha hakuwahi kufundisha timu ya taifa ya kwao. Nabii hana heshima kwao, na yeye wala hakuwa nabii, alikuwa mwalimu wa michezo aliyesoma sana. Kila mara chama cha mpira cha nyumbani kilipofukuza kocha, kilimpigia simu: njoo, kaa tayari. Anakuja na tai yake, anakaa mapokezi, anapewa soda, halafu anaambiwa ameshapatikana mtu kutoka mbali, ila asikate tamaa, yuko kwenye fikra zao. Mara ya mwisho hata soda hakupewa. Ndipo akaenda kutafuta riziki kwa wenzao.

Nchi ya kwanza ilikuwa na baridi kali na wachezaji warefu waliokuwa wakiogopa kuinama. Katika mechi ya kufa na kupona Kocha alifanya mabadiliko yake yote mapema, kwa kujiamini, na dakika za mwisho kipa akavunjika mguu. Hapakuwa na nafasi ya kuingiza mtu. Beki wa kulia akavaa glavu, akasimama golini, akafungwa bao ambalo bibi yako angelidaka huku anapepeta mchele. Kesho yake Kocha alifukuzwa kazi akiwa uwanja wa ndege, kwa kipaza sauti, kati ya tangazo la begi lililopotea na tangazo la ndege iliyochelewa. Alisimama pale na sanduku lake, watu wakigeuka kumwangalia. Aibu ile haikumtoka maisha yake yote.

Tangu siku hiyo akajiwekea sheria. Nafasi moja ya mabadiliko ibaki mkononi mpaka filimbi ya mwisho, liwalo na liwe. "Akiba haiozi," aliwaambia waandishi wa habari, nao wakaipenda wakaiandika kila mahali.

Sasa, angekuwa mtu katili ingekuwa nafuu. Lakini Kocha alikuwa na roho laini, hakuweza kumwambia mchezaji wewe leo hutaingia. Alimwita, akamvua traksuti, akamshika nyuma ya shingo, akamnong'oneza sikioni: tulia, wakati wako unakuja. Halafu anamtupia jicho kipa. Kipa anachechemea, au anaonekana kama mtu anayeweza kuja kuchechemea. Kocha anampiga kijana begani: bado kidogo, endelea kupasha. Kijana anarudi pembeni na kuruka. Filimbi inalia.

Kwa mtindo huo alifika mbali. Nchi ya pili ilimpa nusu fainali. Nchi ya tatu ilikuwa na marais wawili wa chama cha mpira, mmoja akamfukuza na mwingine akamwongezea mkataba siku hiyohiyo, akafanya kazi mwaka mzima akiwa amefukuzwa. Nchi ya nne walimpenda mpaka wakaipa barabara jina lake, na walipofungwa na majirani wakaibadilisha, barua zake zikawa zinarudi.

Na kila nchi alipoitwa, alimwambia mkewe maneno yaleyale. "Ngoja nitulie kwanza, Mama Mwalimu. Nikishatulia nitakuita."

Hakuwa anadanganya. Wewe mwenyewe fikiria: leo wamekubeba mabegani, kesho wanakurushia chupa, na nyumba unayoishi ni ya chama. Utamleta mtoto wa watu ndani ya nyumba hiyo? Kocha alimwona mkewe katika mawazo yake, amesimama chini ya kile kipaza sauti na sanduku lake, na moyo ulimkataa. Akamwacha nyumbani, mahali salama. Mkunga akatengeneza pasipoti, ikaisha muda haijapigwa muhuri hata mmoja. Akatengeneza nyingine. Akajenga nyumba, akasomesha mtoto, akazalisha mtaa mzima, na Jumapili mume alipopiga simu walizungumza mpaka simu ikapata moto sikioni. Binti yao, ambaye watu wote humwita Mwalimu kwa kuwa tangu mdogo alikuwa akisahihisha wakubwa, alimzoea baba kwenye televisheni. Mpaka leo hawezi kumwita Baba. Anamwita Kocha, kama mtangazaji.

Baada ya Kumi na Tisa walifuata wenzake. Alikuja kipa wa tatu wa nchi ya kwanza, mrefu kuliko mlango, aliyeomba radhi kila alipojigonga. Walikuja mabeki wawili wa nchi ya tatu waliokuwa hawasalimiani, kwa sababu kila mmoja aliteuliwa na rais wake. Alikuja mshambuliaji mwenye mvi aliyeitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa kustaafu, wenzake wakimwita Mzee Kijana. Kila mmoja alibisha hodi, akasalimia, akauliza kama Kocha yupo, akaambiwa akae. Kochi lilipojaa wakakaa kwenye viti vya kulia chakula, vikapangwa mstari mmoja kuelekea dirishani. Hawakula chochote. Walikunywa maji tu, kwa mafunda, na kutema kwenye chungu cha maua.

Miili yao haikupoa. Msimu wa mvua ulipoingia majirani walikuwa wakileta nguo mbichi ziwekwe sebuleni, zinakauka kabla hawajamaliza chai. Jirani wa mkono wa kulia alitazama ule mstari wa vijana wenye vizibao, akamwambia Mkunga kwamba yeye shemeji zake ni wengi kuliko hawa na wanakula.

Kocha alimpigia simu Kumi na Tisa mwenyewe, yule mkubwa, ambaye sasa ana kitambi na duka la matairi huko nchi ya pili.

"Uko hapa kwangu," Kocha akamwambia.

"Najua, kocha. Ndiyo maana magoti yangu hayapoi. Mke wangu amechoka kulala na jiko. Naendeleaje huko?"

"Unaendelea vizuri. Umekaa tu."

"Haya basi, nisalimie."

Kocha akamfikishia salamu, na Kumi na Tisa wa kwenye kochi akashukuru.

Siku zikawa hivyo. Asubuhi Kocha anatoka chumbani, anakuta mstari mzima umesimama. Anawaambia kaeni, kaeni. Anazunguka kumuuliza huyu paja, yule kifundo cha mguu. Mkunga akimwita jikoni anajibu nakuja, na hafiki. Usiku amelala ubavuni mwake lakini sikio liko sebuleni. Mkunga alikuwa amemsubiri mtu huyu nusu ya umri wake, na sasa alikuwa naye ndani ya nyumba moja na bado hampati. Ilimuuma. Aliwapenda vijana wale, nani asingewapenda, lakini alitamani siku moja aamke akute kochi ni kochi.

Njia aliiona dirishani. Watoto wa mtaani walikuwa wakicheza mpira, wakapungukiwa mtu, wakamwita Mzee Kijana aliyekuwa ametoka kunyoosha miguu. Mzee Kijana akaingia. Alikimbia kidogo, akapewa pasi, akapaisha juu ya paa la jirani, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akavua kizibao, akakikunja vizuri juu ya ukuta, akakata kona na hakuonekana tena. Jioni ile Kocha alipata simu kutoka mbali: babu mmoja alikuwa anauliza mbona leo magoti yake yamepoa, na alikuwa anashukuru bila kujua anamshukuru nani.

"Kumbe," Mkunga akasema. "Hawa wanataka kucheza tu."

Akamwendea binti yake. Mwalimu akaomba uwanja wa shule anayofundisha, akakusanya timu ya walimu na wazazi, refa akawa mwalimu wa hesabu ambaye hawezi kukimbia lakini anajua kuhesabu. Wakakubaliana kwamba hii ni bonanza, kila upande ubadilishe wachezaji kadiri unavyotaka. Kocha alipoambiwa akaomba chaki. Wiki nzima alichora duara na mishale kwenye mlango wa stoo. Mkunga alimsikia akipiga mluzi bafuni. Usiku walizungumza kama walivyokuwa wakizungumza kwenye simu zamani, ila sasa sauti ilikuwa na kichwa, na kichwa kiko kwenye mto wa pili. "Wakishaondoka hawa," mume alisema, "tutapaka rangi lile baraza." Mkunga akasema rangi gani. Wakabishana rangi mpaka usingizi ukawachukua, na yeye alilala na furaha tele.

Jumamosi alasiri mechi ikaanza. Wanafunzi walizunguka uwanja wakishangilia timu zote mbili. Wachezaji wa akiba walicheza kama watu waliofunguliwa kamba, wengine vizuri, wengine ovyo kabisa, ikaeleweka kwa nini waliachwa, na hakuna aliyejali. Kila aliyecheza akatosheka alitoka, akampa Kocha mkono, akavua kizibao na kukikunja kwenye benchi, akapita nyuma ya madarasa na hakurudi. Mabeki wa marais wawili walitoka pamoja, wamekumbatiana. Mkunga alikuwa akiokota vizibao na kuvipanga kwenye kapu. Kapu likajaa. Kwenye benchi akabaki mmoja, Kumi na Tisa. Wenzake walikuwa wanaingia na yeye anaambiwa ngoja, wewe ni silaha yangu ya mwisho.

Matokeo yalikuwa mbili kwa mbili. Refa alitazama saa yake.

"Kumi na Tisa," Kocha akaita.

Kijana akaruka. Akavua traksuti. Kocha akamshika nyuma ya shingo, akamnong'oneza. Mkunga aliona midomo ya mumewe ikisema maneno anayoyajua. Kocha akainua mkono kumwita refa, na hapohapo akamtupia jicho kipa.

Kipa wa tatu wa nchi ya kwanza alikuwa ameinama golini, anafunga kamba za kiatu.

Mkono wa Kocha ulifika usawa wa bega, ukasimama.

"Baba Mwalimu!" Mkunga akapiga kelele toka upande wa pili wa mstari. "Ni bonanza! Badilisha hata mara mia!"

Kocha alimsikia. Uwanja mzima ulimsikia. Alijaribu kuunyanyua mkono tena, watu waliona anajaribu, jasho lilimtoka kuliko mchezaji. Mkono ukashuka, ukatua begani kwa kijana. "Bado kidogo," akasema. "Endelea kupasha." Filimbi ikalia. Kipa akainuka mzima kama alivyozaliwa, akaja kuaga, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake nyuma ya madarasa.

Walirudi nyumbani watatu, wao wawili na Kumi na Tisa. Mkunga akachemsha chai, akamwekea mumewe, akakaa mbele yake.

"Alikuwa anafunga kamba," akasema.

"Najua."

"Sasa?"

"Nilimwona ameinama, basi. Nikausikia ule uwanja wa ndege." Kocha alikuwa analia, wala hakuficha. "Akili inasema mwingize, mkono hausikii. Unadhani napenda? Unadhani mtoto wa watu akae hapo napenda?"

"Sidhani unapenda," Mkunga akasema. Alimfuta uso kwa upande wa khanga yake, na hasira aliyokuwa nayo ikaisha, ikabaki huzuni tu. Mmoja si wengi, alijiambia. Na mmoja huyu ana adabu, anakunja hata nguo. Tutaishi naye.

Waliishi naye mwezi. Baraza likapakwa rangi, kijani, aliyoitaka mke. Jioni walikaa kwenye kochi, Kumi na Tisa dirishani, Mkunga katikati, Kocha mwisho, wakamcheka msomaji wa habari. Mkunga hakuwahi kuwa na mwezi mzuri kama ule, na aliutambua ukiwa bado haujaisha.

Ndipo akaja Katibu. Alikuwa Katibu wa chama cha mpira wa nchi ya tano, mtu mchangamfu mwenye suti inayong'aa magotini. Alikaa kwenye kochi, akanywa chai, akasifu baraza. Nchi yao haijawahi kushinda mechi ugenini tangu ijipatie bendera. Wanamtaka Kocha, na wanamtaka sasa, ndege ni kesho kutwa. Akamtazama Kumi na Tisa aliyekuwa akinyoosha misuli ya paja. "Na huyu tunamkatia tiketi?"

"Huyo ni wa hapa," Kocha akajibu.

Mkunga alimwangalia mumewe. Kocha alijitahidi kukaza uso, lakini masikio yalikuwa yameshasimama. Kuitwa, jamani, ni kuitwa. Mtu aliyenyweshwa soda za mapokezi ujana wake wote, akiambiwa tunakutaka wewe, si mwingine, anatoa wapi nguvu ya kusema hapana? Mkunga alilielewa hilo. Wala hakumwambia asiende. Aliingia chumbani, akarudi na pasipoti, akaiweka mezani karibu na kikombe cha Katibu.

"Safari hii twende wote," akasema. "Nimestaafu. Mtoto ni mkubwa, hakuna mimba inayonisubiri. Wakikubeba nitakaa pembeni nikuone. Wakikufukuza tutafukuzwa wawili, tutakaa uwanja wa ndege tule biskuti. Mimi sitaki tena simu za Jumapili, Baba Mwalimu. Nimekuwa tayari mpaka nimechoka kuwa tayari. Nataka nikae na wewe."

Katibu akajishughulisha na kijiko.

Kocha akainuka. Machoni alikuwa na mapenzi, hilo hata binti yao halikatai. Akamshika mkewe nyuma ya shingo, taratibu, akainama mpaka sikioni.

"Tulia," akasema. "Wakati wako unakuja. Ngoja kwanza nitulie, bado kidogo tu."

Kumi na Tisa hakuwa amesema neno tangu siku ya uwanjani. Akainua kichwa. "Ndivyo alivyoniambia na mimi, mama," akasema kwa heshima, bila lawama yoyote.

Kocha akasikia. Mkono wake ulikuwa bado shingoni kwa mkewe na hakujua auweke wapi. Akaitazama pasipoti. Akamtazama Mkunga, na kwa kitambo pale uso wake ulifunguka, mke akadhani, basi, leo. Halafu macho yakaanza kuzunguka chumba, dirishani, mlangoni, chini ya meza, kama anamtafuta kipa. Yakatua kwenye goti la mkewe.

"Hilo goti lako," akasema. "Kule nasikia nyumba zina ngazi nyingi."

"Goti langu ni zima."

"Ni zima leo."

Kesho kutwa teksi ikaja. Kocha alimkumbatia mkewe mlangoni kwa muda mrefu, akalia tena, akaahidi tena, akamwagiza Kumi na Tisa asikae mbele ya upepo. Mwalimu alifika akakuta teksi imeshaondoka, akasimama barazani na vitabu vya wanafunzi mkononi, akafoka mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Mama, kwa nini humwambii?"

"Nimemwambia."

"Basi kwa nini hukasiriki?"

"Nimekasirika, mwanangu. Nani amekwambia sijakasirika?" Mkunga alikuwa anakunja mashati ambayo mume hakuyachukua. "Nimekasirika na nimemkumbuka, vyote kwa pamoja, na bado hajafika hata uwanja wa ndege. Ingia ule."

Mwezi wa tatu tangu aondoke, nchi ya tano ilicheza ugenini. Mkunga na Kumi na Tisa waliwasha televisheni mapema. Kocha alionekana kwenye mstari, amekonda kidogo, amevaa koti ambalo hakuna mtu aliyelipiga pasi. Nchi ya tano ikapata bao kipindi cha pili. Dakika za mwisho Kocha akageuka kwenye benchi, akamwita kijana mmoja mwenye masikio makubwa, mtoto kabisa. Kijana akavua traksuti. Kocha akamshika nyuma ya shingo.

"Anamwambia atulie," Kumi na Tisa akasema.

"Mwingize," Mkunga akaiambia televisheni. Alikuwa amebana mikono katikati ya magoti. "Mwingize huyo mtoto, baba. Nakuomba. Mwingize mmoja tu uone kama mbingu itaanguka."

Kocha akainua mkono. Akamtupia jicho kipa. Kipa wa nchi ya tano alikuwa amesimama vizuri, mzima, anapiga chafya. Kocha akampiga kijana begani, na kijana mwenye masikio makubwa akaokota kizibao chake akarudi pembeni kuruka.

Filimbi ikalia, nchi ya tano ikawa imeshinda ugenini kwa mara ya kwanza. Wachezaji walimrusha Kocha juu, wakamdaka, wakamrusha tena. Alikuwa anacheka kwa kinywa chote. Mkunga alimwona anavyocheka, akafurahi kwa ajili yake, haki ya Mungu alifurahi, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mlango ukagongwa.

Kumi na Tisa akasogea kumpa mgeni nafasi. Mkunga hakuinuka. Alivuta khanga yake, akasogea na yeye, akabanana na kijana upande wa dirishani, na mwisho wa kochi pakabaki pa kutosha mtu mmoja.

"Karibu, mwanangu," akaita. "Pita, ukae na sisi."